Tairi Kubwa, Difu Ileile: Hesabu ya Kufanywa Kabla ya Mvua

Mhadhara kwa wenye malori na maboza, madereva na mafundi wa gereji wa Kilifi



Mvua za masika zinapokaribia, swali moja huulizwa katika magereji kuanzia Mtwapa hadi Gongoni: "Fundi, nikitia tairi kubwa, gari litapita?" Jibu la haraka ni ndiyo, huenda likapita. Jibu kamili ni refu kidogo, kwa sababu tairi kubwa halibadilishi kimo cha gari peke yake. Linabadilisha gia, linabadilisha nguvu ya breki, na linabadilisha hata kile ambacho spidomita inamwambia dereva. Mhadhara huu unaeleza mabadiliko hayo, na hasa habari ya difu: jinsi ya kujua kama difu iliyopo inatosha na, kama haitoshi, ni ipi ya kutafuta.

Kwa nini jambo hili linaihusu Kilifi

Barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi ni ya lami na sehemu kubwa ni tambarare. Lakini mzigo mwingi wa kaunti hii hauanzii kwenye lami. Mawe ya kujengea hutoka kwenye machimbo ya Vipingo, Takaungu na Jaribuni. Chumvi hutoka Gongoni. Maembe na mahindi hutoka mashambani Magarini. Njia za huko ndani zina mchanga, udongo unaoteleza mvua ikinyesha, na mabonde yanayojaa maji. Anayetoka pwani kwenda Kaloleni au Rabai anapanda vilima, na anaporudi na mzigo anaviteremka.

Kuna pia maji. Kilifi ni miongoni mwa kaunti 23 za Kenya zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame. Wakati wa ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, mvua ilipokosa kunyesha ipasavyo msimu baada ya msimu, boza la maji ndilo lililotegemewa katika sehemu nyingi za Ganze na Magarini. Boza likiungua klachi njiani, hasara haimwishii mwenye gari. Kuna kina mama na watoto waliopanga mitungi foleni wakisubiri maji ambayo hayatafika siku hiyo.

Kwa hiyo mwenye lori ana sababu nzuri ya kutaka gari lipite penye tope. Kosa huja pale anaponunua tairi kwanza na kufanya hesabu baadaye.

Kazi ya difu

Injini huzunguka kwa kasi kubwa kuliko gurudumu. Gia boksi hupunguza kasi hiyo, kisha propela huipeleka nyuma kwenye difu, na difu huipunguza tena. Ndani ya difu kuna gurudumu dogo la meno ambalo mafundi huliita pinioni, na kubwa linaloitwa krauni. Ikiwa krauni ina meno 41 na pinioni ina meno 7, basi 41 ukigawanya kwa 7 unapata 5.86. Maana yake ni kwamba propela huzunguka karibu mara sita kasoro kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja.

Namba hiyo ndiyo uwiano wa difu. Namba ikiwa kubwa, kwa mfano 6.83, gari lina nguvu ya kuvuta lakini injini hupiga kelele mapema barabarani. Namba ikiwa ndogo, kwa mfano 4.9, gari hukimbia kwa urahisi kwenye tambarare lakini huchoka kwenye mlima. Watengenezaji wa malori huchagua namba hiyo wakijua nguvu ya injini, uzito wa mzigo na ukubwa wa tairi. Vitu hivyo vitatu vimepimwa pamoja, na ukibadilisha kimoja umevigusa vyote.

Tairi ndiyo hatua ya mwisho ya gia. Kila tairi linapozunguka mara moja, gari husogea urefu wa mzingo wa tairi hilo. Tairi kubwa husogeza gari mbali zaidi kwa mzunguko mmoja. Kwa injini, hilo ni sawa kabisa na kupewa difu ya namba ndogo.

Ndiyo maana mwenye boza anaweza kurudi gereji wiki mbili baada ya kubadilisha matairi na kulalamika, "Fundi, hii injini imechoka. Mlima niliokuwa nikiupanda kwa gia namba tatu, sasa hata namba mbili inalia." Fundi mwenye uzoefu atamjibu, "Mzee, injini ni ileile. Ulipotia tairi, uliongeza gia bila kujua."

Sentimita tatu

Kabla ya hesabu ya gia, kuna hesabu nyingine ambayo wengi huisahau: gari litainuka kiasi gani hasa?

Tairi la 7.50-16 lina kimo cha karibu sentimita 80. Tairi la 8.25-16 lina karibu sentimita 86. Tofauti ni sentimita 6. Lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo difu huinuka nusu tu ya tofauti hiyo, yaani sentimita 3. Hali ni hiyohiyo kwa malori makubwa. Kutoka tairi la 10.00-20, lenye karibu sentimita 105, hadi la 12.00-20, lenye karibu sentimita 112, difu huinuka sentimita 3 na nusu.

Mwenye lori na ajiulize kama mahali anapokwama pangepitika kwa sentimita 3 zaidi. Pengine gari hukwama kwa sababu tairi limekwisha meno na linateleza, wala si kwa sababu difu inagusa ardhi. Ikiwa ndivyo, tairi jipya la ukubwa uleule, lenye meno makubwa ya tope, litamsaidia zaidi na kwa gharama ndogo.

Hatua ya kwanza: kupima tairi

Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwongozo mzuri, lakini matairi ya kampuni mbalimbali yenye namba moja hutofautiana kidogo, na tairi lililobeba mzigo hukaa chini kuliko lililo tupu. Njia ya uhakika inahitaji chaki na futi ya kupimia tu.

Gari liwe na mzigo wake wa kawaida na matairi yawe na upepo sahihi. Mahali pawe tambarare. Fundi achore alama ya chaki kwenye tairi la nyuma pale linapogusa ardhi, na alama nyingine ardhini hapohapo. Dereva asogeze gari mbele polepole na kwa mstari ulionyooka hadi alama ya tairi irudi chini mara tano. Umbali uliopatikana ugawanywe kwa tano. Huo ndio mzingo halisi wa tairi. Kama tairi jipya bado halijanunuliwa, apime lori la mwenzake lenye matairi ya aina hiyo. Kipimo cha bure kabla ya kununua ni bora kuliko majuto baada ya kununua.

Hatua ya pili: kujua difu iliyopo

Mara nyingi uwiano wa difu huandikwa kwenye kibati cha gari au kwenye kitabu chake. Lakini malori mengi ya huku yamepitia mikono mingi, na difu huenda si ile ya kiwandani. Fundi anaweza kuhakikisha bila kufungua kitu.

Gari liwe tupu, limesimama mahali tambarare, injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi mbele na nyuma, na gurudumu la nyuma litakalobaki chini liwekewe vivyo hivyo. Hili si jambo la kupuuza: upande mmoja wa nyuma ukiinuliwa, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiliwa, hakuna kingine kinachozuia gari lisiondoke. Upande ulioinuliwa ukae juu ya stendi ya chuma. Jeki peke yake haitoshi.

Kisha taniboi azungushe gurudumu lililo juu mara mbili kamili huku fundi akihesabu mizunguko ya propela kwa alama ya chaki. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama, na difu ya kawaida hugawa mzunguko kwa pande mbili. Propela ikizunguka karibu mara 5 na robo tatu na zaidi kidogo, difu ni ya 5.86 au jirani yake. Siku difu itakapofunguliwa, meno yahesabiwe ili kupata namba kamili.

Hatua ya tatu: hesabu yenyewe

Kanuni ni moja. Chukua uwiano wa difu ya sasa, zidisha kwa mzingo wa tairi jipya, kisha gawanya kwa mzingo wa tairi la zamani. Jibu ndilo difu itakayorudisha gari kwenye nguvu yake ya awali.

Mfano wa kwanza ni wa badiliko dogo. Mwenye lori dogo anatoka tairi la 7.50-16 kwenda la 8.25-16, na mzingo umeongezeka kwa asilimia 7. Difu yake ni 5.86. Ukizidisha kwa 1.07 unapata 6.27. Difu ya meno 43 kwa 7 ina uwiano wa 6.14, nayo inakaribia. Akibaki na ile ya zamani, nguvu ya kuvuta katika kila gia itapungua kwa asilimia 6 au 7. Kama kazi yake ni kubeba makreti ya soda kwenye lami ya Kilifi na Malindi, anaweza kuvumilia. Kama anabeba mawe kutoka Jaribuni, ataliona pengo hilo kila siku kwenye klachi na kwenye dizeli.

Mfano wa pili ni wa badiliko kubwa. Mwingine anatoka tairi la 8.25-16 kwenda la 9.00-20 pamoja na rimu zake. Tuseme kipimo cha chaki kimetoa mzingo wa mita 2.60 kwa tairi la zamani na mita 3.10 kwa jipya. Hilo ni ongezeko la asilimia 19. Difu ya 5.86 sasa inafanya kazi kama difu ya 4.9, na nguvu ya kuvuta imepungua kwa asilimia 16. Hesabu inadai difu ya karibu 7. Difu ya meno 41 kwa 6 ina uwiano wa 6.83, na inatosha.

Jibu hilo linaweza kuthibitishwa kwa kuangalia mizunguko ya injini. Katika gia ya moja kwa moja, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi la zamani na difu ya zamani huzungusha injini mara 3,000 hivi kwa dakika. Tairi jipya na difu ya zamani huishusha hadi 2,500. Tairi jipya na difu ya 6.83 huirudisha hadi karibu 2,900. Gari limerudi karibu na pale lilipotengenezwa kuwa.

Je, ni badiliko gani la kupuuza? Tairi la lori likiisha meno hupoteza asilimia 2 au 3 ya mzingo wake, na gari huendelea na kazi. Kwa hiyo tofauti ya asilimia 3 haihitaji difu nyingine. Kuanzia asilimia 5 hivi, mzigo na milima ndivyo viamue. Ikizidi asilimia 10 kwa gari la mizigo mizito, asiyetaka kubadilisha difu asibadilishe tairi. Na asiyekuwa na haja ya nguvu zaidi asichukue difu yenye namba kubwa kupita hesabu, kwa sababu injini itapiga mizunguko mingi barabarani na dizeli itakwisha mapema.

Ya kuangaliwa wakati wa kununua difu

Kwanza, krauni na pinioni hununuliwa na kufungwa pamoja. Zimesagwa pamoja kiwandani. Krauni ya gari moja na pinioni ya gari jingine zitalia, kisha zitavunjika.

Pili, kwa difu kuukuu, meno yahesabiwe kwa macho ya mnunuzi mwenyewe kabla ya kulipa. Maneno ya muuzaji pekee hayatoshi.

Tatu, lori la magurudumu kumi lenye ekseli mbili za nyuma zinazosukuma lazima libadilishwe difu zote mbili kwa uwiano mmoja. Vivyo hivyo kwa lori linalosukuma mbele na nyuma. Difu mbili zenye namba tofauti hupigana, na mwisho wake ni kuvunjika kwa gia.

Nne, fundi arekebishe nafasi kati ya meno kwa kipimo, apake rangi kwenye meno kuona yanavyogusana, na atie oili ya difu ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji. Kazi ya kukisia kwa mkono haidumu.

Tano, matairi pacha ya nyuma yawe ya kimo kimoja, na mbavu zake zisisuguane gari likibeba mzigo. Tairi la akiba nalo liwe la ukubwa huo.

Jambo ambalo difu hairekebishi

Hapa ndipo penye uzito wa mhadhara huu. Difu mpya hurudisha nguvu ya kuvuta, na hurudisha pia uwezo wa injini kulizuia gari kwenye mteremko. Lakini haigusi breki za magurudumu.

Breki hushika ngoma iliyo katikati ya gurudumu, ilhali gari husimama pale tairi linapogusa barabara. Tairi likiwa kubwa zaidi, umbali kati ya sehemu hizo mbili huongezeka, na nguvu ileile ya breki huzaa kusimama kudogo zaidi. Katika mfano wa pili, nguvu ya breki kwenye barabara hupungua kwa asilimia 16, hata kama difu imebadilishwa vizuri. Gari lenyewe limeinuka, na mzigo umeinuka pamoja nalo, kwa hiyo ni rahisi zaidi kupinduka kwenye kona. Kwa boza lililojaa nusu, maji hucheza ndani na kuongeza hatari hiyo.

Spidomita nayo hudanganya. Katika malori mengi hupata kipimo chake kutoka gia boksi na haijui ukubwa wa tairi. Kwa ongezeko la asilimia 19, ikionyesha 80, gari liko kwenye 95. Kidhibiti mwendo kinachotegemea kipimo hichohicho hudanganyika pia. Sheria ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari ya biashara, na dereva anaweza kuivunja huku akiamini anaitii. Kwa hiyo kila badiliko la tairi au difu lifuatwe na kurekebishwa kwa spidomita na kidhibiti mwendo, na ukaguzi wa gari ufanywe na NTSA kabla ya kurudi kazini.

Lori lililoshindwa kusimama kwenye mteremko wa Rabai au Kaloleni halichagui nani wa kugonga. Mbele yake huenda kuna bodaboda, matatu au watoto wanaotoka shule. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na barabarani neno hilo ni kweli tupu. Kwa badiliko kubwa la tairi, kama breki haziwezi kuongezwa kwa kubadilishwa ekseli nzima inayofaa, uamuzi wa busara ni kuacha.

Tairi kubwa si ruhusa ya mzigo mkubwa

Wapo wanaoamini kwamba tairi kubwa hubeba zaidi, basi gari nalo libebe zaidi. Tairi huenda likaweza, lakini springi, ekseli, chesisi na breki ni zilezile. Lita 10,000 za maji ni tani 10 kabla ya kuhesabu tangi na gari lenyewe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, na tani 18 kwa jumla ya lori la ekseli mbili. Kama mtengenezaji ameweka kikomo cha chini ya hapo, hicho ndicho cha kufuatwa. Mizani ya Mariakani haipimi ukubwa wa tairi.

Barabara za kaunti ambazo hazina lami ndizo zinazoumia kwanza na uzito huo. Lori lililozidisha mzigo huchimba mifereji kwenye njia laini, na msimu unaofuata mwenye lori hilohilo ndiye anayekwama humo. Kupunguza mzigo wakati wa mvua, kusubiri njia ikauke kwa siku moja, na kumpa taarifa msimamizi wa wadi pale njia inapokatika, huokoa fedha nyingi kuliko seti ya matairi.

Kwa ufupi

Mwenye lori apime kwanza kwa chaki. Ajue difu yake kwa namba. Afanye hesabu ya mstari mmoja. Kama tofauti ni ndogo, aendelee na kazi baada ya kurekebisha spidomita. Kama ni kubwa, ahesabu gharama yote pamoja: matairi, rimu, difu, breki na ukaguzi. Wengi wakiona jumla hiyo watarudi kwenye tairi la ukubwa wa kiwandani lenye meno mazuri, na hawatakuwa wamekosea.

Na vijana wa vyuo vya ufundi waibebe hesabu hii hadi magerejini. Fundi anayeweza kumwambia mteja wake kwa namba kwa nini asinunue kitu, ndiye mteja huyo atakayemrudia.